Conrad Schlumberger: Mtu Aliyeiuliza Ardhi kwa Umeme

Msafiri atokaye Kilosa kwenda Mikumi kwa njia inayopitia Ulaya (naam, katika wilaya ya Kilosa ipo kata iitwayo Ulaya, na wenyeji wake hawaoni ajabu yoyote) huuacha mkono wake wa kushoto uwanda wa Mkata. Ni bonde pana lililo baina ya milima ya Uluguru na ile ya Rubeho. Zamani za zamani ardhi yake ilididimia, na mito ikalijaza mchanga, udongo na changarawe, tabaka juu ya tabaka. Sehemu yake moja imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi tangu mwaka 1964. Sehemu iliyobaki ni ya wakulima na wafugaji, na baina yao maji na malisho si jambo dogo. Mwezi Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, ugomvi wao ulimwaga damu ya watu wengi. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mto Mkondoa ulifurika ukachukua nyumba na reli. Ikija miezi ya kiangazi, katika wilaya hiyo hiyo, kina mama hutafuta ndoo moja tangu alfajiri. Maji ya juu yakizidi huua, na ya chini hayaonekani.

Mwaka juzi, nikiwa huko kwa shughuli za Chama, nilishuhudia katika kijiji kimoja cha uwandani mafundi wakichoronga kisima. Shimo lilipofika kina walichotaka hawakutia mabomba papo hapo. Waliteremsha kwa waya kitu mfano wa mchi mrefu, wakakipandisha polepole, na katika kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya boneti ya gari ikajichora mistari miwili iliyopindapinda kama njia ya siafu. Mzee mmoja wa kijiji aliuliza ni nani aliyewafundisha watu kutazama ndani ya ardhi bila kuingia. Fundi alijibu kwa kulitaja jina la Schlumberger. Mzee alidhani ni jina la nchi. Mimi, nakiri, nilidhani ni jina la kampuni tu, kwa maana ndivyo lilivyoandikwa ubavuni mwa magari ya wachimba mafuta duniani kote. Kumbe ni jina la mtu, na maisha ya mtu huyo yanawahusu wananchi wa Visiwani na viongozi wao kuliko tunavyodhani.

Conrad Schlumberger alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1878 katika mji mdogo wa Guebwiller, jimbo la Alsace. Jimbo hilo lilikuwa la Wafaransa, lakini Wajerumani walikuwa wamelinyakua kwa vita mwaka 1871. Kwa hiyo mtoto huyu, ijapokuwa ni wa taifa kubwa la Ulaya, alizaliwa chini ya bendera ya mgeni, na bendera hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kupandishwa Bagamoyo na Kilosa miaka michache baadaye. Baba yake, Paul, alikuwa tajiri wa viwanda vya nguo, Mprotestanti mwenye kupenda elimu. Mama yake, Marguerite de Witt, alikuwa miongoni mwa viongozi wa harakati za wanawake wa Ufaransa waliodai haki ya kupiga kura. Ndugu yake mkubwa, Jean, akawa mwandishi mashuhuri. Mdogo wake, Marcel, aliyezaliwa mwaka 1884, akawa mhandisi mwenye mikono ya dhahabu, na huyu tutakutana naye tena.

Conrad alisoma Paris, katika chuo kikuu cha Polytechnique na kisha Chuo cha Migodi, na mwaka 1907 akawa mwalimu wa fizikia katika chuo hicho cha pili. Hapo ndipo swali lake lilipozaliwa. Watafutaji wa madini wa zama zake walikuwa na nyundo, jicho na bahati. Waliona jiwe lililojitokeza juu wakakisia lililojificha chini. Yeye alijiuliza kama umeme usingeweza kutumwa uende huko chini urudi na habari.

Msingi wa fikra yake ni rahisi na kila mtu anaweza kuuelewa. Jiwe kavu karibu halipitishi umeme kabisa. Kinachopitisha ni maji yaliyo katika vitundu vidogo vya jiwe, na kadiri maji yalivyo na chumvi ndivyo umeme unavyopita kwa wepesi. Mafuta na gesi havipitishi. Madini mengi ya shaba na chuma hupitisha sana. Basi ukiujua ukinzani wa tabaka la ardhi, yaani jinsi linavyouzuia umeme, umeanza kujua ndani yake mna nini. Maji ya bahari yana ukinzani wa karibu 0.2 kwa kipimo cha omu-mita. Maji matamu ya kisimani hufika makumi.

Mwaka 1911, katika chumba cha chini cha Chuo cha Migodi, mwalimu huyu alitafuta bafu la shaba, la kuogea, akalijaza mchanga na udongo, akapitisha umeme na kupima kila mahali. Naomba msomaji akae kidogo na bafu hilo, kwa kuwa mimi naliona ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya. Hakukimbilia shambani kuchomeka vyuma. Alijenga kwanza ardhi ndogo ambayo siri yake aliijua, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeijaza, ili aone umeme unasemaje juu ya kitu kinachojulikana kabla hajausikiliza juu ya kisichojulikana. Ni kama fundi wa jahazi anayetengeneza ngalawa ya kuchezea watoto na kuiweka majini kabla hajakata mbao za kweli.

Mwaka 1912 alitoka bafuni akaenda Val-Richer, shamba la ukoo wao huko Normandy, akatandika waya majanini na kuchora ramani ya kwanza ya jinsi umeme ulivyotapakaa ardhini. Kabla ya vita, huko Bor katika nchi ya Serbia, njia yake iligundua mashapo ya shaba yaliyofichika. Kisha vita vikalipuka, na kila kitu kikasimama. Conrad akaenda kuwa ofisa wa mizinga. Agosti 1916, yeye akiwa bado katika vita hivyo upande wa Ufaransa, majeshi ya Waingereza yaliwafukuza Wajerumani hapa Kilosa, na wapagazi wetu walikuwa wakifa njiani kwa maelfu kwa ajili ya ugomvi usiowahusu. Vita vilipokwisha, Alsace na Tanganyika zote zilitoka mikononi mwa Mjerumani, moja ikarudi kwao na nyingine ikakabidhiwa bwana mwingine. Conrad alirudi akiwa mtu anayechukia vita kwa moyo wote na mwenye mwelekeo wa kijamaa, jambo ambalo wanaoandika historia za makampuni hulipita haraka.

Hapa pana jambo la baba yake. Mwezi Novemba 1919 mzee Paul aliandikiana mkataba na wanawe wawili, Conrad na Marcel, kwamba atawapa hadi faranga 500,000 kwa utafiti huo, kwa masharti ya kwamba maslahi ya elimu yatangulie maslahi ya fedha, na kwamba wasitawanye nguvu zao katika mambo mengine. Sisi makada tumezoea kumtazama tajiri kwa jicho la pembeni, na mara nyingi hatukosei. Lakini haki lazima isemwe. Mzee huyo alitoa fedha kwa jambo ambalo kwa miaka mingi halikurudisha hata sumni, naye hakuudai utafiti utoe matunda kabla ya msimu wake. Alifariki mwaka 1926, na siku kubwa ya wanawe ilikuwa bado mwaka mmoja.

Miaka hiyo ya katikati ilikuwa ya jasho na mashaka. Mwaka 1923 Conrad aliacha ualimu ili aishughulikie kazi hii peke yake. Mwaka huo huo, huko Romania, vipimo vyao vilionyesha kuba la chumvi lililofunikwa na ardhi, la aina ambayo mafuta hupenda kujikusanya pembeni yake. Mwaka 1926 ndugu hao wawili waliunda kampuni ndogo ya utafiti wa umeme. Conrad alikuwa mtu wa fikra na ndoto, Marcel mtu wa chuma na skrubu. Mmoja bila ya mwenziwe asingefika.

Ndipo likaja wazo la kushuka. Hadi hapo walikuwa wakipima kutoka juu ya ardhi, na habari za kina zilifika zimefifia, kama sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Wachimba mafuta wa Pechelbronn, huko huko Alsace kwao, walikuwa wakipata taabu kujua visima vyao vinapita katika matabaka gani, kwani kutoa vipande vya mawe kutoka chini ni kazi ghali na ya polepole. Tarehe 5 Septemba 1927 Henri Doll, kijana mhandisi aliyekuwa mkwe wa Conrad, akiwa na wenzake wawili, aliteremsha katika kisima kimojawapo mirija ya bakelaiti iliyofungwa waya. Walishusha, wakasimama kila mita moja, wakatuma umeme, wakasoma kipimo, wakaandika kwa kalamu, wakasogea tena. Mstari uliotokea karatasini ulikuwa picha ya kwanza ya umeme ya ndani ya kisima cha mafuta. Upesi ikaonekana kwamba mstari wa kisima kimoja hufanana na wa kisima cha jirani, na kwa hiyo tabaka lile lile laweza kufuatwa chini ya ardhi kutoka shimo hadi shimo. Miaka miwili baadaye, 1929, kazi hiyo ilikuwa imefika Venezuela, Marekani na visima vya Grozny katika Umoja wa Kisovieti.

Hata hivyo, waliopima mara nyingi waligundua kwamba kifaa husema kweli iliyochanganyika. Shimo lenyewe limejaa tope la kuchorongea, nalo lina umeme wake. Maji ya tope huingia ndani ya mwamba na kuyasukuma maji ya asili. Tabaka la juu na la chini nayo huchangia sauti zao. Namba inayosomwa basi si ukinzani wa mwamba peke yake. Ni mchuzi wa vyote hivyo. Ataupataje ukweli mtu?

Jibu la Conrad lilikuwa lile la bafu, ila sasa kwa hesabu. Mwaka 1930 mtaalamu wa jiofizikia wa Romania, Ștefănescu, akishirikiana naye na Marcel, alitoa andiko lililokokotoa jinsi umeme unavyoenea kutoka nukta moja katika ardhi yenye matabaka yaliyolala. Yaani waliijenga ardhi kwa namba: tabaka hili lina unene huu na ukinzani huu, lifuatalo lina ule, je, kifaa kingesoma nini? Ikiwa jibu la hesabu halilingani na kipimo cha kweli, unabadilisha unene, unabadilisha ukinzani, unakokotoa tena, hadi viwili hivyo vikubaliane. Leo kompyuta huigawa ardhi inayozunguka shimo katika vijumba vingi, pengine mamilioni, na kutatua ndani ya kila kijumba milinganyo ya umeme na sumaku aliyoiacha Mskoti Maxwell katika karne ya 19. Lakini kazi ni ile ile.

Na onyo ni lile lile. Kielelezo kinaweza kulingana na kipimo na bado kikawa cha uongo. Udongo wa mfinyanzi hupitisha umeme, na mchanga wenye maji ya chumvi hupitisha umeme. Kwa mstari mmoja tu mtu asiyeijua nchi atavichanganya. Hapo kompyuta haiamui. Anayeamua ni mtu anayejua bonde limejazwaje, mto ulipita wapi, na visima vya jirani vilitoa nini.

Miaka ya mwanzo ya 1930 ilikuwa ya dhiki katika nchi za kibepari. Kazi zilikauka, na kandarasi za Umoja wa Kisovieti ndizo zilizoisaidia sana kampuni ya ndugu hao isizame. Conrad alikwenda huko kwa furaha, kwa kuwa alitumaini kuona jamii mpya ikijengwa. Kama aliyaona na yaliyojificha nyuma ya pazia, hilo ni jambo jingine. Wengi wa kizazi chake hawakuyaona. Akitoka Umoja wa Kisovieti kurudi kwao, tarehe 9 Mei 1936, alifariki ghafla mjini Stockholm, akiwa na umri wa miaka 57. Marcel aliishika kazi hadi kifo chake mwaka 1953.

Lipo jambo moja ambalo sitalinyamazia. Kampuni yake haikuuza vyombo vyake. Iliuza huduma: wao walikuja na gari lao, wakapima kwa kifaa chao, wakaondoka nacho, wakamwachia mwenye kisima karatasi. Kibiashara ilikuwa hekima. Kwa nchi changa iliyokuja baadaye kutafuta utajiri wake, maana yake ilikuwa kupewa barua iliyoandikwa kwa herufi usizozijua. Wasovieti waliliona hilo mapema. Walijenga wataalamu wao na shule yao wenyewe ya elimu hii, wakaendelea bila ya wageni.

Sasa tutazame kwetu. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, BP na Shell walichimba visima virefu Mafia, Unguja na Pemba wakitafuta mafuta. Gesi ya Songo Songo ilipatikana mwaka 1974, miaka mitano baada ya kuundwa Shirika la Maendeleo ya Petroli. Mwaka 2012 serikali ilitia saini mkataba wa kutafuta mafuta katika kitalu cha Kilosa na Kilombero, na hadi leo halijatoka huko hata pipa moja. Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ilitiliana saini na RAK Gas mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar. Katika kila mkataba wa namna hii pana kifungu cha mafunzo, na ofisa anayekisimamia na ajiulize swali moja: ni vijana wangapi wetu wanaoweza kuketi mbele ya mstari wa kisima na kuijenga ardhi yake kwa hesabu wenyewe, bila kungoja taarifa kutoka ng'ambo? Kuwa na karatasi kabatini si kuisoma.

Lakini mafuta ni ya kesho, na maji ni ya leo asubuhi. Mvua inayonyesha visiwani huzama katika maweni na kukaa juu ya maji ya bahari kama samli inavyokaa juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kanuni ijulikanayo na wataalamu, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake kiasi cha mita 40 za maji matamu. Maana yake ya pili inatisha: ukivuta kwa pampu hadi usawa huo ushuke mita moja na ubaki hivyo, chumvi huelekea kupanda mita 40. Haipandi siku hiyo. Hupanda polepole, na siku chai inapobadilika ladha, mambo yamekwisha kuharibika. Katika pwani za kaskazini na mashariki ya Unguja, ambako vijiji na mahoteli huchota hazina moja, hili si jambo la vitabuni. Kisima nilichochota utotoni nikirudi chuoni, na juzuu yangu kwapani, leo wanakitumia kwa kufulia tu, baada ya kuchorongwa jirani yake kisima cha pampu ambacho hakuna aliyekipima.

Na dawa ya kuijua hatari mapema imetoka katika nyumba ile ile. Baada ya Conrad kufa, Doll alihamia Marekani, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza vyombo vya kutambua mabomu yaliyotegwa ardhini. Kutoka hapo alipata njia ya kupima kisima pasipo kugusa mwamba, akaitangaza mwaka 1949. Koili moja hupitishiwa umeme unaogeuka mara 20,000 kwa sekunde. Sumaku yake huamsha mikondo ya duara ndani ya mwamba, na koili ya pili huisikia. Njia hii hupenya bomba la plastiki. Kisima cha uchunguzi kilichokwisha kuvikwa bomba lake chaweza kupimwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine, bila kukivunja, na mstari ukaonyesha mpaka wa chumvi umepanda mita ngapi. Mamlaka ya Maji, na wale wanaoidhinisha vibali vya visima vya mahoteli, na walitie jambo hili katika masharti kabla ya pampu. Gharama ya kupima ni sehemu ndogo ya gharama ya kuchoronga, na sijui kwa nini huwa ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Pale uwandani Mkata fundi aliutazama mstari wake kwa muda mrefu. Alimwuliza mzee kisima cha zamani cha kijiji kilikuwa upande gani, na maji yake yalikuwaje, na mto wakati wa babu ulipita wapi. Kisha akawaambia wenzake wasitoboe bomba katika sehemu ya chini kabisa, ambako mstari ulikuwa umeanguka, ila katika tabaka la mchanga la juu yake. Kesho yake pampu ilipofungwa maji yalitoka na tope, yakakaa, yakasafika. Mzee alionja kwa kiganja, akaniomba nimtajie tena jina la yule mtu. Nilimtajia. Alijaribu mara tatu, likamshinda, akacheka, akaenda kuwaita wenye ndoo.